Lipu ya chokaa kwa kuta za ndani, nyumba za mawe

Wenye nyumba Mji Mkongwe, kabla fundi hajafungua mfuko wa saruji, msimamisheni kwanza. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, na unyevu hupanda kutoka ardhini, zaidi wakati wa masika. Chokaa huuachia utoke hewani. Saruji huufungia ndani, kisha chumvi inasukuma lipu mpaka inabanduka, na vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani vinaanza kuoza.

Bandua lipu iliyokufa mpaka jiwe lionekane, piga brashi, halafu rowesha ukuta. Hapa ndipo mafundi wengi wana haraka. Rowesha jana yake, na tena asubuhi ya kazi, kwani jiwe la matumbawe linakunywa maji: likiwa kavu litanyonya ya lipu, na nyufa utaziona kabla ya magharibi. Chokaa moja kwa mchanga tatu, na mchanga usiwe wa pwani. Tabaka lisizidi sentimita 1 hivi. La pili lingoje la kwanza lishike. Funga madirisha yanayopokea upepo, hasa kaskazi, na unyunyizie maji siku kadhaa.

Ukitaka joto linalopita ukutani lipungue, badala ya sehemu ya mchanga tia perlaiti, yaani punje nyepesi za mwamba wa volkano. Inasaidia, ila lipu hiyo ni laini, haifai penye kugongwagongwa kama ngazini. Juu yake paka chokaa, si rangi ya mafuta. Na macho jamani, chokaa mbichi inaunguza.