Namna ya kufundisha wokovu kwa neema kwenye ibada ya nyumbani

Fundisho la neema huharibikia mara nyingi kwenye "lakini". Mwalimu anasema Mungu anaokoa bure, halafu anaongeza: lakini sharti ufunge, lakini sharti utoe. Msikilizaji anarudi nyumbani akiwa ametajiwa bei. Mwongozo huu ni wa kiongozi wa ibada ya nyumbani hapa Bagamoyo, iwe Dunda, Magomeni au Kaole, mwenye watu 8 hadi 12 na dakika 60.

Andaa vipande 5 vya karatasi, kila kimoja kiandikwe "dinari 1". Somo kuu ni Mathayo 20:1–16. Ya kusaidia ni Warumi 4:4–5 na Waefeso 2:8–10. Yanatosha, kwani mistari ikizidi watu hushinda wakipekua kurasa. Kama mna desturi ya sadaka, ikusanywe kabla ya somo. Kikapu kikipita mara tu baada ya kutamka "bure", kitakuwa kimefundisha kinyume chako.

Tumia nusu ya muda kwenye mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Simamisha watu 5: wa alfajiri, wa saa 3, wa saa 6, wa saa 9 na wa saa 11. Saa hizo ni zetu hizihizi, hivyo kila mtu ataona kwamba wa saa 11 amebakiwa na saa 1 tu kabla jua halijazama. Nafasi ya alfajiri mpe aliyelitumikia kanisa siku nyingi, mzee wa kanisa au mama wa kwaya. Ya saa 11 mpe aliyeanza kuja juzi.

Ukifika mstari wa 8, lipa kama mwenye shamba alivyoagiza: wa mwisho kwanza. Hapa ndipo wengi hukosea, wakaanza na wa alfajiri kwa heshima. Akilipwa kwanza ataridhika na kwenda zake, na kilichobaki ni hadithi ya tajiri mkarimu. Ni lazima amwone mgeni akipewa dinari nzima, apige hesabu moyoni kwamba yeye atapata zaidi, ndipo apokee ileile. Kaa kimya kidogo, kisha muulize: "Mama, umepunjwa?" Akisema ndiyo, mrudishe mstari wa 2 na wa 13: walipatana dinari 1, ujira wa siku wa kibarua, na amepewa. Akisema hapana, muulize mbona roho inamuuma. Mwache ajibu mwenyewe, hata akichukua dakika nzima.

Mtu atasema wa saa 11 naye alifanya kazi, angalau saa 1. Ana haki ya kusema hivyo. Soma Warumi 4:4–5, panapotenganishwa ujira na neema, kisha mkumbushe mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu (Luka 23:39–43), ambaye hakubakiwa na nafasi ya kufanya lolote.

Wengi hapa huleta mfano wa misheni: mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo 1868, waliwakomboa watumwa kwa fedha, na aliyekombolewa hakuchangia chochote. Utumie, ila uishie hapo. Waliokombolewa walipangiwa kazi za shamba chini ya sheria za misheni. Ukiuvuta zaidi, watu watasikia kwamba Kristo hutununua ili tumlipe kwa jasho.

Swali la "basi tutende tutakavyo?" lisikutishe, maana Paulo alilitarajia pia (Warumi 6:1–2). Kazia mpangilio wa Waefeso 2: mistari ya 8 na 9 inaondoa matendo kama sababu ya kuokolewa, wa 10 unayarudisha kama kazi ya aliyekwisha kuokolewa. Anayesoma 8 na 9 pekee huzaa uzembe, na anayeanzia 10 huzaa hofu.

Gumu kuliko yote ni la mtu anayesema, "Imani yangu ni ndogo, sidhani kama nimeokoka." Huyu ameigeuza imani kuwa malipo. Usimwambie aongeze bidii, utamzamisha. Mwulize anamtegemea nani, si anamtegemea kwa nguvu kiasi gani. Tunaokolewa na Kristo, na imani ni kumpokea tu. Rudia hili hata mara tatu, kwa upole.

Maji, chumvi na mafuta ya upako yanayouzwa yatatajwa. Soma Matendo 8:18–20, Simoni alipotaka kununua karama ya Mungu, na usitaje kanisa la mtu.

Kikundi kikiwa na Wakatoliki na Walutheri, yafaa wajue kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema pekee, si kwa stahili yetu. Tofauti zimebaki, ila hilo wanalikiri pamoja.

Anayetaka kumwamini Kristo jioni hiyo aombe kwa maneno yake mwenyewe, hata sentensi mbili. Usimpe orodha ya mambo ya kuacha usiku huohuo. Wiki hiyohiyo mpeleke kwa mchungaji au katekista aanze mafundisho, na umsindikize mwenyewe.