Jinsi ya kuona vipokezi vya bakteria vikishirikiana, kwa sahani ya aga laini

Vipokezi vya kemikali (protini za kunusia) vya bakteria *Escherichia coli* havifanyi kazi kila kimoja kivyake. Kipokezi huungana na cha aina yake kuwa jozi, kisha jozi tatu hushikana kwenye ncha zilizo ndani ya seli. Katika kundi hilo, jozi ya kipokezi Tsr inayonusa serini hukaa bega kwa bega na jozi ya kipokezi Tar inayonusa aspateti; serini na aspateti ni asidi amino. Ushirikiano huu unaonekana kwa macho, bila darubini ya bei kubwa.

Kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa weka triptoni (protini iliyomeng'enywa, chakula cha bakteria chenye asidi amino hizo) gramu 10, chumvi gramu 5 na aga (unga wa kugandisha) gramu 2.5 hadi 3. Ukizidisha aga bakteria hawapenyi. Sukari ya glukosi usitie kabisa, kwa sababu huzuia utengenezaji wa mijeledi ya kuogelea. Kisha ua vijidudu kwa otoklevu (chombo cha mvuke wa presha). Hapa Dodoma tuko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo geji ya otoklevu ikisoma psi 15, joto la ndani halijafika nyuzi 121. Inatakiwa karibu psi 17. Kama chombo hakiruhusu presha hiyo, ongeza muda.

Aga ikipoa hadi nyuzi 50, tia antibiotiki ya kushikilia plasmidi (duara dogo la DNA linalobeba jeni ya kipokezi), umimine mililita 25 kwa kila sahani. Usizigeuze juu chini. Kiangazi cha huku hukausha uso wa aga upesi mno, kwa hiyo zitumie siku hiyohiyo, ndani ya boksi lenye kitambaa kibichi.

Dunga bakteria katikati ya aga kwa kijiti safi, halafu weka nyuzi 30 kwa saa 7 hadi 10. Nyuzi 37 hazifai: mijeledi hupungua. Umeme ukikatika, linganisha sahani zilizokuwa pamoja tu.

Unahitaji aina nne: wa kawaida, wasio na kipokezi chochote, wenye Tsr iliyobadilishwa peke yake, na wenye Tsr hiyohiyo pamoja na Tar nzima. Wa kawaida watatoa pete mbili, ya nje ikifuata serini na ya ndani aspateti. Wasio na vipokezi wataishia doa dogo zito. Wanaogelea, lakini hawageuki, basi hunasa kwenye aga.

Sahani ya nne ndiyo yenye habari. Pete ya serini ikirudi, Tar imeiokoa Tsr mbovu kwa kuungana nayo kundi moja. Zikipotea pete zote mbili, Tsr hiyo inawaharibia wenzake. Ikibaki ya aspateti tu, huenda Tsr haiingii kwenye makundi, au seli imeivunjavunja. Pima kwanza kiasi cha protini kabla ya kuamua. Kosa la kawaida hapa ni kuchochea plasmidi itengeneze kipokezi kupita kiasi: vipokezi vikizidi, CheA na CheW (protini zinazofanya kazi na vipokezi kupeleka ishara) hazitoshi, na hata Tsr nzima huonekana mbovu.

Kwa ushahidi wa moja kwa moja, tumia vipokezi vilivyowekewa asidi amino ya sisteini (nafasi ya 366 kwenye Tsr, 364 kwenye Tar). Wape bakteria walio hai TMEA, kemikali yenye mikono mitatu inayounganisha sisteini zilizo karibu, mikromola 50, kwa sekunde 20 katika nyuzi 30, kisha isimamishe kwa N-ethylmaleimide milimola 10. Kwenye jeli ya kutenganisha protini, mikanda iliyochanganya Tsr na Tar inaonyesha nani alikaa na nani.