Kompyuta mpakato inachelewa kuwaka na chaji haikai? Anza na ripoti ya betri

Kwanza kabisa, achana na zile programu zinazojinadi kwamba zinaongeza kasi. Nyingi hujiwasha pamoja na kompyuta na kula chaji ileile unayotaka kuiokoa. Windows 10 na 11 zina kila kitu utakachohitaji hapa.

Hatua ya 1: Pima betri

Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika `powercfg /batteryreport`, bonyeza Enter.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu ripoti haijifungui. Ni faili ya HTML inayohifadhiwa kwenye folda ambamo Command Prompt imefungukia. Ukifungua Command Prompt kawaida, faili itakuwa kwenye folda yako ya mtumiaji. Ukiifungua kama msimamizi, inakwenda kujichimbia ndani ya System32, folda ya mfumo wa Windows, nawe unahangaika kuitafuta kwenye Downloads. Soma mstari unaotokea baada ya amri: njia nzima ya faili imeandikwa pale. Inakili, ibandike kwenye kivinjari.

Tafuta DESIGN CAPACITY, yaani ujazo ambao betri ilitoka nao kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, ujazo inaoweza kubeba sasa. Tuseme ya kwanza ni 42,000 mWh na ya pili 21,000. Betri imebaki nusu, na hakuna mpangilio utakaoirudisha nusu iliyokwenda. Nunua nyingine. Tofauti ikiwa ndogo, betri haina kosa. Endelea na hatua zinazofuata.

Ila usihukumu kwa kipimo kimoja. Namba ya pili ni makadirio, hupanda na kushuka kidogo, kwa hiyo teremka hadi Battery capacity history uone mwelekeo wake. CYCLE COUNT, yaani idadi ya mizunguko ya kuchaji, ikionyesha kistari tu, usishtuke. Si kila betri hutoa taarifa hiyo. Na ukiona kifuniko kimetuna au padi ya kugusa imeinuka, betri imevimba: zima, chomoa chaja, mpelekee fundi. Usiitoboe wala kuikandamiza.

Hatua ya 2: Punguza zinazojiwasha

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, kisha Startup apps (kwenye Windows 10, Startup). Zima programu za soga, muziki na michezo. Kingavirusi iache.

Hatua ya 3: Tumia Restart

Fast startup, mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka, ikiwa imewashwa, ukichagua Shut down kiini cha Windows huhifadhiwa kwenye diski badala ya kufungwa. Ndiyo maana Up time (muda tangu kuanza upya), kwenye Performance ya Task Manager upande wa CPU, inaweza kusoma siku kadhaa ilhali unazima kila usiku. Mashine ikianza kuzubaa, Restart ndiyo inayoanza upya kweli.

Hatua ya 4: Diski

Hapohapo kwenye Performance, tazama diski yako. Imeandikwa HDD, yaani diski ya zamani inayozunguka? Basi hiyo ndiyo inayokuchelewesha, na pesa ya kuongeza RAM (kumbukumbu ya muda) ni afadhali uiweke kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Nakili mafaili yako kwanza, na kama BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data ya diski, imewashwa, hifadhi ufunguo wake mahali pengine kabla fundi hajashika bisibisi.

Hatua ya 5: Matumizi ya kila siku

Punguza mwangaza wa skrini. Huo ni mlaji mkubwa. Kama kompyuta hushinda kwenye chaja, tafuta kwenye programu ya mtengenezaji au BIOS (mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) mpangilio wa chaji kuishia 80%. Betri za lithiamu huchakaa upesi zikikaa zimejaa pomoni, hasa kwenye joto, kwa hiyo usitumie kompyuta juu ya godoro linaloziba matundu ya hewa.