Flowerbomb au La Vie Est Belle? Zijaribu hivi kwenye joto la Lamu

Wateja wangu wengi hukwama baina ya pafyumu hizi mbili, na si ajabu: zote za maua, zote tamu, zote zina asmini, vanila na pachuli (majani yenye harufu nzito ya udongo). Flowerbomb ya Viktor & Rolf ilitoka 2005, La Vie Est Belle ya Lancôme 2012. Bei zake si za mchezo, kwa hivyo usinunue kwa kunusa kizibo.

Hatua ya 1: Njoo bila harufu nyingine. Usijifukize udi, usipake haludi, na nguo isiwe imelala na asmini kabatini.

Hatua ya 2: Pulizia moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto, mara moja tu kila upande. Usisugue. Kisha ondoka dukani. Dakika za mwanzo ni za spiriti kuruka, pamoja na vitu vyepesi: chai na bergamoti (tunda la jamii ya chungwa) kwa Flowerbomb, tunda la pea kwa La Vie Est Belle. Muuzaji akikuharakisha "nusa, si tamu?", anakuuzia dakika hizo.

Hatua ya 3: Nusa baada ya nusu saa, kisha tena alasiri. Hapa ndipo zinapoachana. Flowerbomb hubaki kwenye maua, asmini na waridi na frizia, pachuli ikija nyuma taratibu. La Vie Est Belle huanza na airisi, yenye harufu ya poda, pamoja na maua ya mchungwa, kisha sukari yapanda: pralini, kama kashata iliyo bado jikoni. Wakati wa kaskazi joto huinyanyua sukari hiyo. Kwenye vichochoro vya mtaa wa Mkomani watu wanapishana bega kwa bega, na mimi mchana sithubutu kuivaa. Usiku barazani, kwenye upepo wa bahari, ni habari nyingine kabisa.

Hatua ya 4: Ijaribu na udi, maana hakuna anayekwenda harusini bila udi. Fukiza nguo kwenye chetezo kwanza, moshi utulie, ndipo upulizie. Udi wetu tushaupika kwa sukari na marashi. Ukiuongezea pralini, kichwa kitauma. Pachuli ya Flowerbomb hukaa vizuri na harufu ya kijiti cha udi, kwa hivyo kwa harusi kura yangu iko huko. (Ukivaa kikuba, acha zote mbili. Asmini mbichi haitaki mshindani.)

Hatua ya 5: Muulize mtu, kwani pua yako imeshazoea. Wifi yako anafaa sana, hatakuficha kitu.

Ukishaamua, chukua chupa ya mililita 30. Kabla ya kulipa, linganisha namba iliyo chini ya chupa na ile ya kwenye boksi, zisipolingana, rudisha. Nyumbani iweke kabatini, si dirishani kwenye jua.