Kabla hujanunua CD ya gemu Luthuli Avenue, Nairobi

Mimi ni kinyozi Umoja. PS4, mashine yangu ya gemu, naicheza usiku nikishafunga kazi, mradi token za stima zipo. Kwa wiki napata saa tano, nikibahatika sita. Anza na hesabu hiyo yako kabla ya kuuliza gemu ina urefu gani.

Urefu utaupata kwenye tovuti ya HowLongToBeat, ambako wachezaji wenyewe huandika saa walizotumia. Angalia hadithi kuu tu. Saa za kukamilisha kila kitu ni za watu wasiolipa kodi ya nyumba. God of War ya 2018 ni kama saa 20. Kwangu huo ni mwezi. Ya saa 60 ni miezi mitatu.

Hapo ndipo tunapoumia. Gharama ya CD ni bei ya kununua ukitoa bei utakayoiuzia. God of War niliinunua shilingi 2,500, nikaiuza 1,900: mia sita kwa saa 20, yaani bob 30 kwa saa. Nikanogewa, nikachukua dude la saa 60 kwa 4,000. Kufika saa ya 40 bado natumwa kupanda minara ile ile na kuokota vitu visivyo na kazi. Nikachoka. Miezi miwili ilikuwa imeshapita, bei imeanguka, nikapewa 1,800. Hiyo ni bob 55 kwa saa, na mwisho wenyewe sikuuona.

Gemu za mpira uza kufikia Julai. Toleo jipya hutoka karibu Septemba kila mwaka, na baada ya hapo utabembeleza wateja.

Ukiwa dukani, inua CD kwenye mwanga. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni si wa kuogopesha sana; unaoizunguka CD, rudisha. Red Dead Redemption 2 ya PS4 ina CD mbili, moja ya kuinstolia na moja ya kuchezea, kwa hivyo fungua kasha uhesabu. Muuzaji akikataa kukuwekea kwenye mashine uone inavyowaka, vuka barabara, maduka ni mengi.

Sasa nijipinge mwenyewe. Journey ya 2012 ni ya saa mbili hivi, na niliidownload, kwa hivyo hakuna wa kumuuzia. Kwa hesabu yangu ni hasara tupu. Niliicheza Jumapili jioni, na mke wangu, ambaye kwake gemu zote ni kelele, aliacha kuchambua sukuma akaketi kando yangu mpaka ikaisha.