Trikoderma haimwagiwi kwenye mboji ya moto

Jamani hii kitu nimeisema mpaka nimechoka. Mtu kanunua paketi ya trikoderma, kafika shambani anakuta lundo la mboji lina siku tano tu tangu lipangwe, linafuka mvuke, anamwagia hapo hapo, mwezi ukiisha anakuja kulalamika eti dawa feki. Sio feki, umeichemsha mwenyewe.

Trikoderma ni fangasi, ni kiumbe hai. Kwao ni kwenye udongo na mabaki ya mimea yanayooza, ndo maana watu wanadhani lundo lolote linalooza litamfaa, lakini yeye anastawi kwenye nyuzi joto 25 hadi 30 na katikati ya lundo changa joto linafika 60 na zaidi. Huo moto tunauhitaji, ndo unaoua mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa, sasa wewe unamtumbukiza humo humo halafu unategemea akapambane na vimelea vya magonjwa kama fuzari na pithiamu kwenye mizizi ya nyanya?

Pima kwanza. Kipimajoto kizame sentimita 40 hadi 50, sio juu juu, juu panapoa mapema panakudanganya. Kama huna, chomeka nondo uiache dakika 10, ichomoe uishike, ikiwa ya moto rudi nyumbani. Joto likishuka chini ya 35 usikimbilie paketi, geuza lundo, subiri siku 3 upime tena, likipanda ujue bado linachoma, unaanza kusubiri upya. Ni wiki kadhaa hizo, ndiyo, vumilia.

Likitulia ndo unachanganya, jioni, maana jua kali linaua mbegu za fangasi. Kiasi ni cha kwenye lebo, acha mambo ya kukadiria kwa kiganja. Kamata mboji uikamue: tone moja mawili safi, ikichuruzika imezidi maji. Na bomba ulilopigia kabendazimu usilisogeze hapo, hiyo ni sumu ya fangasi na trikoderma ni fangasi, mbona hili linasahaulika kila msimu!

Funika, weka kivulini wiki mbili, isikauke. Ukiona utando mweupe unageuka kijani, imeshika.

Wenye banda la uyoga, ukijani huo huo kwenu ni ugonjwa, kwahiyo ukitoka kuchanganya oga ubadili nguo kabla hujaingia bandani.