Ukurasa uliosevu haufunguki? Usizime ulinzi wa kompyuta, fungulia hilo faili tu

Mtoto wa dada yangu anasoma skuli Wete, bando likimwisha ndo limekwisha mpaka zipatikane pesa nyengine, kwa hiyo mie huku mjini Unguja huwa namsevia kurasa za masomo, nazitia kwenye zipu, namtumia kwa imeili. Majuzi kanipigia usiku: "Mjomba, kompyuta inakataa, nyengine zinafunguka nusu, nyengine nyeupe tupu, na mwenzangu kanambia nizime ulinzi wote wa Windows." Nikamwambia mwanangu usizime kitu, ngoja kwanza. Na nyie wenzangu nawaomba hivohivo, maana ushauri huu wa kuzima kila kitu nausikia kila siku na unaumiza watu.

Kinachotokea ni hichi. Ukidaunlodi faili kwenye intaneti, Windows inalibandika alama isiyoonekana, mfano wa stika ya mzigo wa boti, stika haijui ndani ya gunia mna karafuu au mna nini, inasema tu limetoka wapi. Alama yenyewe inaitwa Zone.Identifier na ndani yake mnaandikwa namba, 3 maana yake faili limetoka intaneti. Mambo haya yapo tangu Windows XP Service Pack 2 ya mwaka 2004. Programu ikiona hiyo 3 inakuwa na wasiwasi, ndo pale unapoona onyo, au ukurasa unakaa bila ya sehemu zake zinazocheza.

Lakini kabla hujalaumu ulinzi, angalia vitu viwili, maana nusu ya kesi ninazoletewa ni hivi. Kwanza, umefungua ukurasa ukiwa bado umo ndani ya zipu? Usifanye hivo. Kompyuta inachomoa lile faili moja tu na picha zote zinabaki nyuma, lazima kwanza uitoe zipu yote kwa "Extract All". Pili, ukisevu ukurasa kamili unapata vitu viwili, faili la html (ndo ukurasa wenyewe) na folda lenye jina hilohilo linaloishia na _files. Hivi viwili havitenganishwi. Ukituma faili peke yake, huko linakofika litafunguka maandishi matupu yamepangana ovyo, na hapo hakuna ulinzi wowote uliozuia.

Haya, kama vyote viwili viko sawa na bado inagoma, sasa ndo tufungulie. Mausi juu ya faili, kitufe cha kulia, chagua Properties, kwenye kipande cha General shuka mpaka chini kabisa. Ukikuta maneno kwamba faili hili limetoka kompyuta nyengine na huenda limezuiwa, tia tiki kwenye Unblock, halafu OK. Kwenye Windows 7 ni kitufe, sio tiki. Usipoyakuta maneno hayo basi faili halina alama, tafuta sababu nyengine.

Kwa zipu, na hapa ndo watu wengi wanapokosea: fungulia zipu yenyewe KABLA hujaitoa. Ukiitoa kwanza, Windows inaibandika ile alama kwenye kila kilichomo ndani, ukiwa na mafaili mia mbili utakaa unatia tiki mpaka alfajiri. Ikiwa ushaitoa, ama ifute uanze upya, ama ingia ndani ya hilo folda, shika Shift, bonyeza kitufe cha kulia pahala patupu, fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri (kwenye Windows 11 utaona Terminal), uandike:

dir -Recurse | Unblock-File

Enta, basi, yote yashafunguliwa. Ila angalia vizuri uko folda gani, usiifanye kwenye Downloads nzima ambako mna kila takataka ulotumiwa.

Wengine wataniuliza mbona yakija kwa flashi yanafunguka bila ya tabu. Kwa sababu flashi nyingi zimefomatiwa FAT32 au exFAT, yaani mipango ya kuhifadhi mafaili, na hizo hazina pahala pa kuibeba alama, inadondoka njiani. Kwa hiyo msidhani faili la flashi ni salama zaidi, limepoteza stika tu.

Kuna maskuli bado yana kompyuta za zamani zenye Internet Explorer, ambayo Microsoft waliistaafisha Juni 2022. Humo utaona upau unaosema ukurasa umezuiwa, una kitufe cha "Allow blocked content", bonyeza kwa ukurasa huo mmoja unaoujua. Kule kwenye Internet Options, Advanced, mna pa kuruhusu mafaili yote ya kompyuta moja kwa moja, hapo mie nasema paacheni, khasa kompyuta inayotumiwa na darasa zima.

Na jambo hili naliomba sana: faili la html ulotumiwa na usiemjua, ukilifungua likakuonesha pa kuandika paswedi ya imeili au ya benki, funga hapohapo. Ukurasa wa masomo uliosevu hauna haja ya paswedi yako. Vilevile washa kuonekana kwa majina ya mwisho ya mafaili, kwenye View ya Explorer, maana kitu kinaweza kujiita somo.html kumbe mwisho wake ni .exe, yaani ni programu, sio ukurasa.

Mie siku hizi nishabadilisha namna ya kusevu. Kwenye Chrome au Edge nabonyeza Ctrl na S, nachagua Single File, picha na maandishi vyote vinakaa ndani ya faili moja la mhtml. Kama ni wa kusoma tu, Ctrl na P halafu nausevu kama PDF, na huo anaufungua hata kwenye simu ya mama yake.